Kikonyo cha Pili

Kisu kilikuwa kimeshazama kwenye udongo nilipoiona ile ncha ya kijani.

Mama mkwe alisimama nyuma yangu na mbegu zake za mchicha. Tulikubaliana kwamba yungiyungi langu likimaliza kuchanua, chungu ni chake, maana kibaraza chetu kina nafasi ya chungu kimoja tu. Na ua la mwisho lilinyauka jana jioni kama yalivyonyauka mengine yote, kila ua na siku yake moja.

Nilikuwa nimemwambia, "Mwenye kitalu alisema yungiyungi hili fupi huchanua tena."

"Alikuona mpole, mwanangu, akakuuzia nyasi."

Nikachomoa kisu, nikatenganisha majani kwa vidole viwili. Kikonyo kipya cha ua kilikuwa kimepasua njia katikati yake, kidogo, kigumu, kama jino la kwanza kwenye ufizi wa mtoto.

"Mama, hebu njoo uone."

Alipiga magoti kwa tabu. Akakigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, jinsi alivyogusa ufizi wa binti yangu mwaka jana.

"Huyu," akaninong'oneza, "ana siku ngapi?"