Fundo la Uzi

Ukuta wa ofisi ya uhamiaji ulikuwa umefika kiunoni, na fundi ndiyo kwanza anaanza baraza la nje la kukalia, mkurugenzi wa ofisi hiyo alipofika.

"Bi Mwanakombo, baraza hili liondoke. Watu wakipata pa kukaa, hawataondoka."

Mwanakombo, msanifu wa jengo hilo, alitoa mfukoni uzi mkuukuu wenye fundo moja. Kwa miaka thelathini katika mji huu wa ugenini hakuchora jengo lisilo na baraza, na kila baraza alilipima kwa uzi huo.

"Siku tuliyoingia hapa, mama alisimama foleni ya uhamiaji tangu alfajiri," alisema. "Miguu mibovu, na pa kukaa hapana. Adhuhuri alianguka, hakuinuka tena. Tulipomwosha, nilimpima kutoka kisiginoni hadi gotini. Fundo hili ni goti lake."

Mkurugenzi alitazama mchoro, kisha fundi, saruji ikianza kumkaukia kwenye mwiko.

Mwishowe akachutama na suti yake, akashika ncha ya uzi, akaibana kwa kidole kwenye udongo, pale baraza lilipoanzia.

"Vuta," alisema, bila kuinua uso.