Kaburi la Mgomba

Kaburi la nne lilipofunguliwa likatoa gunia la pumba, wajumbe wa kamati walicheka mpaka wakashika mbavu. La kwanza lilikuwa na shina la mgomba, la pili mgomba, la tatu mgomba uliovishwa suti kuukuu. Lilibaki moja tu, la Faustina.

Faustina hakucheka. Alisimama mlangoni kwake, amejitanda kanga mbili kwa baridi, akiutazama ule msalaba wa mbao za paini: MASUMBUKO. APUMZIKE KWA AMANI.

Yote yalianza masika, lilipobandikwa tangazo kwenye nguzo ya umeme: eneo lote la bondeni, nyuma ya mtaa wa Soweto, linakusudiwa kubadilishwa matumizi, kutoka makazi kuwa soko, mwenye pingamizi alilete. Watu wakaandika pingamizi. Kisha mjuaji mmoja akasema kamati ya mipango miji haiwezi kupitisha soko juu ya makaburi. Basi, ndani ya wiki moja mtaa ukafiwa kila upande, na hakuna aliyesikia kilio hata kimoja!

Lakini Rabson, afisa mipango miji, hakuwa mtoto wa jana. Alikuja na wajumbe wake na kibarua mmoja, Yohane, mwenye sururu na chepe. Akautangaza utaratibu mbele ya wote. Kaburi la kweli litafukuliwa mpaka mfupa wa mwisho, bwana afya akiwepo, na marehemu atahamishiwa makaburi ya jiji kwa heshima zote. La uongo litafukiwa palepale, na mwenye kukiri atasamehewa.

"Mama, huyu Masumbuko ni nani wako?" Rabson aliuliza.

"Mume wangu."

"Alifariki lini?"

Faustina alivuta kanga zake mabegani. Aliyejibu ni jirani yake Verediana, mwanamke asiyeweza kuona ukimya asiujaze.

"Afariki wapi, bosi! Masumbuko yuko Mgololo, kiwanda cha karatasi. Kaenda tangu masika. Na tangu aende, huyu dada kanenepa, hebu mwangalie!"

Watu wakaangua kicheko, hata wale ambao migomba yao ilikuwa imelala juani. Faustina alijilazimisha kutabasamu. Ni kweli alikuwa amenenepa. Hata mkono wake wa kushoto, uliovunjika mwaka juzi ukaunga vibaya, siku hizi haukumsumbua sana.

"Kwa hiyo umemzika mumeo akiwa hai?" Rabson alisema, naye akicheka.

"Humo mna mgomba, mheshimiwa. Nakiri mbele ya watu wote, mnisamehe. Msihangaike kufukua. Jengeni soko lenu, mimi sina pingamizi tena."

"Mgomba kweli," Verediana akadakia. "Mimi mwenyewe nilimsaidia kuubeba. Nilikuta shimo ameshachimba peke yake, mwanamke ana nguvu huyu! Tukaulaza, tukafukia, tukaimba na wimbo wa parokiani."

Rabson alitikisa kichwa. "Leo unaniambia mgomba. Kesho utakuja ofisini na wakili, useme tumemwagia mumeo zege. Yohane, fukua."

Faustina akakaa kizingitini. Kila sururu ilipotua aliisikia kifuani. Aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa binadamu yeyote isipokuwa mmoja. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, watosheke. Watosheke mapema.

Shimo lilipomfika Yohane kiunoni, sururu ilizama kwenye kitu teketeke. Aliinama, akavuta shuka la maua lililochakaa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyeusi za mgomba uliooza, zimelowa tope. Mtu akapiga kigelegele.

Yohane hakucheka. Alichoma chepe kati ya miguu yake, likazama bila kubisha.

"Bosi, huku chini udongo bado laini. Niendelee?"



"Uendelee kutafuta nini, mizizi?" Rabson aliutazama mlima Loleza, wingu lilikuwa limeshaufunika kilele. "Mvua hiyo inakuja. Mrudishe marehemu wake, ufukie, twende zetu."

Hapo Faustina alilia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, asijali nani anamwona. Verediana akaja kumkumbatia.

"Nyamaza, dada. Aibu ni ya mtaa mzima, si yako peke yako."

Kamati ilipitisha soko. Wakazi wa bondeni walipewa viwanja vingine huko juu, na wengi walinung'unika na kuburuta miguu. Faustina alikuwa wa kwanza kuhama. Alikwenda na godoro lake, sufuria zake na kuku watatu, hakugeuka nyuma.

Lakini siku ya kumwaga zege alirudi. Alisimama nje ya uzio na Verediana, akawatazama mafundi wakilisambaza zege mpaka likafika pale msalaba ulipokuwa, likapita, likasawazishwa.

"Masumbuko akirudi atakuta watu wanauza nyanya sebuleni kwake," Verediana alisema, akimpiga kikumbo. "Sijui utamweleza nini, wewe mwanamke!"

Faustina alikuwa akihesabu kimoyomoyo, kutoka juu kwenda chini: zege, udongo, mgomba, Masumbuko.