Imbwa ya Kuchagua Mukwe

Mukono ya Lambert ilikuwa imesimama ku hewa, juu ya kichwa ya imbwa, na batu bote mu saloni ya bageni bakaacha kutafuna.

"Shusha," Papa Antoine akasema. "Kule juu haina kazi."

Lambert hakushusha mara moja. Alikuwa anajua nini iko chini ya ule mukono: Ministre, imbwa ya masikio ya murefu sawa kitambaa ya meza, imbwa yenye adabu kupita batoto mingi ya hapa Bunia. Hailambe sufuria. Haibweke bageni. Ukitupa mufupa, inaangalia kwanza kama weye umemaliza kukula. Bamasere, bale basista ba misioni, njo balimulea, akilala mu sanduku moja ya karto na paka yabo, mupaka naye akajifunza kunawa uso na mukono. Kisha bakamupatia Papa Antoine, juu ya kumushukuru kwa maziwa ya ngombe zake.

Imbwa ya vile, na ilikuwa na kilema moja tu. Ukiigusa na mapendo, inanguruma.

Na haikukuwa kunguruma ya muchezo. Unaweka mukono nyuma ya sikio, unasema "Ministre yangu," na mule ndani ya kifua kunatoka sauti sawa motere ya kamyo yenye inapanda mulima na mizigo. Kila mutu alikuwa anaondoa mukono mbiyo.

Mwanzo Papa Antoine alikuwa anacheka. Halafu kukakuya mugeni mumoja, mutu wa kusali sana, akalala kwake siku tatu. Asubui anapapasa imbwa, inamungurumia. Mangaribi anapapasa, inamungurumia. Siku ya ine mugeni akapotea pamoja na bafle, ile spika kubwa ya korali ya kanisa. Tangu pale Papa Antoine hakuamini tena mutu, aliamini imbwa. Yeye mwenyewe ilimungurumiaka. Akasema ni haki, juu mambo yake ya ujana anayajua.

Na Papa Antoine alikuwa na binti, Mireille.

Wa kwanza kuya kumuposa alikuwa Didier, kijana wa kuchimba zahabu kule Niania, viatu inangaa sawa kioo. Papa akamuambia apapase imbwa. Ministre akanguruma mupaka glasi ya Fanta inatetemeka. Didier akamalizia Fanta yake inje. Wa pili alikuwa Prudence, mwalimu wa Kpandroma, na gunia ya viazi ya kule. Huyo alipiga magoti kabisa, akakumbatia imbwa ku shingo. Ministre akanguruma, mukia inamupiga mwalimu ku magoti, akanguruma tena. Viazi ikabakia. Mwalimu akarudi.

Lambert, fundi wa masimu ku soko, aliposikia ile habari, akaanza kufunga visi, ile skrubu ya masimu ya watu, kwa upande wa kufungulia. Miaka mbili alikuwa anamupenda Mireille, na sasa maisha yake iko mu kinywa ya imbwa. Mireille njo alimupatia njia. Kila siku ya posho, ile jumamosi, Papa akienda soko ya ngombe, Lambert aende kuosha Ministre. Na maji ya baridi. Na dawa ya kupe. Masikio, ndani na inje.

"Atakuzoea," Mireille akamuambia. "Fanya tu, usiulize mingi."

Akafanya. Posho tano. Ile dawa ilinuka mupaka bakliya bake, bateja ba masimu, bakaanza kumuuliza kama iko na ngozi mubaya. Posho ya kwanza, Ministre alijificha chini ya kitanda. Ya tatu, akapanda juu ya kuni. Ya tano, Lambert alimukuta pale ku basani ya maji, kichwa chini, sawa mutu mwenye anangojea sindano. Lambert akafurahi ndani ya roho: ameisha kunizoea.

Njo sasa siku yenyewe ikafika. Athanase, kaka mukubwa wa Lambert, alikuwa amesema maneno yote ya posa, muzuri na murefu, na Papa Antoine alikuwa anamusikiliza sawa vile mutu anasikiliza mvua ku mabati. Alikuwa anangojea imbwa.

"Shusha," akarudilia.

Lambert akashusha. Nyuma ya sikio, polepole.

"Ministre yangu."

Ministre akaangalia ukuta. Mukia ikalala ku sakafu ya simá sawa kamba yenye batu bamesahau. Papa Antoine akainamisha sikio karibu na kifua ya imbwa. Mama Brigitte, muke wake, naye akainama. Athanase akabakia na mufupa mu kinywa.

Kimya.

"Zidisha."

Lambert akazidisha. Akapapasa mugongo, akakumbatia shingo, akaweka hata shavu yake pale. Kimya kabisa.

Papa Antoine akasimama, akapangusa macho. Akasema kwamba katika Bunia muzima alikuwa ameisha kata tamaa ya kupata mutu wa roho mweupe. Halafu akaagiza bachinje kuku ingine. Mama Brigitte akapiga kigelegele mupaka majirani bakakuya ku lupango, uwanja ya nyumba, kuuliza.

Mangaribi Mireille alimusindikiza Lambert mupaka ku mulango ya lupango. Ministre akabafuata, kwa upande ya Mireille. Lambert alikuwa anatembea kifua mbele. Akaeleza kwamba urafiki na imbwa ni kazi ya uvumilivu, na siku moja atafundisha batoto yabo.

Mireille akachuchumaa, akaweka mukono nyuma ya sikio ya Ministre, akamuita kwa jina. Ile motere ikawaka. Ikapanda mulima. Ministre akafunga macho sawa paka yenye inaota jua, mukia ikapiga udongo pa, pa, pa, na Lambert akaruka nyuma.

"Kumbe hata weye anakukatala?"

Mireille akacheka na sauti ya chini, juu Papa asisikie.

"Didier, Ministre alimupenda sana," akasema. "Mwalimu, alibakia kidogo tu amufuate mupaka Kpandroma. Sasa weye ulifikiri naweza kuacha akupende?"