Waya wa Manjano

Fundi Gwamaka alivua vifuniko kwenye ncha za waya wa faiba wa intaneti, wa manjano, mwembamba kama tambi, akaupachika kwenye kisanduku kando ya jeneza. Taa ya kijani ikawaka. Watoto wa marehemu walioko ughaibuni, ambao ndio waliomwagiza, wakajitokeza kwenye skrini bila kukwama.

"Sasa watamuaga baba vizuri, mama," alimwambia mjane, Bi Tusekile.

"Mwaka mzima aliwaomba waya huu awaone wajukuu. Wakamwambia asubiri."

Mjane aliinama, akauchomoa taratibu, akairudishia ncha kifuniko chake.

"Mama, watoto wanasubiri!"

"Waache wasubiri."

Jeneza likabebwa. Kwenye skrini nyuso zilikuwa zimeganda, midomo wazi.