Kubeba Abiria Si Kuua

Askari wa lango la bunge aliwanyang'anya mabango yote, lakini nani angethubutu kumvua mama wa watu kanga yake? Bi Hidaya na wenzake wakapanda hadi jukwaa la wageni, wote wamejifunga sare waliyoichapisha wenyewe: KUBEBA ABIRIA SI KUUA.

Mwanawe Mshamu, dereva wa bodaboda, alimbeba mtu asiyemjua. Mtu yule akashuka, akaenda akaua. Sheria ikawapa wote wawili kifungo cha maisha, na siku hiyo bunge lilikuwa likiijadili upya.

Walipoketi ndipo Bi Hidaya alipogundua kosa lao. Maneno ya kanga yalikuwa nyuma, na wote walikuwa wameyakalia.

Akainuka taratibu, akawapa waheshimiwa mgongo.

"Mama, kaa chini," askari alimnong'oneza.

"Nguo imejikunja, baba. Naiweka sawa."

Shoga yake Bi Somoe akainuka naye. Yake pia ilikuwa imejikunja. Mara jukwaa zima likasimama, kila mmoja akivuta pindo bila haraka, kama yuko chumbani kwake. Kule chini vicheko vikaanza.

Spika akagonga meza. "Askari," akasema, "hebu waache kwanza. Miwani yangu iko wapi?"

Bi Hidaya, uso ukutani, akabana kicheko. Akalinyoosha pindo isijifiche hata herufi moja, kisha akasimama wima, kama mtu anayepimwa nguo mpya kwa fundi.