Miguu ya Baba Ruth

"Sifuri!" Dhahabu alikigonga kwa ukucha kioo kidogo cha kwenye usukani wa baiskeli. "Kilomita zimejaa, miguu sifuri! Baba Ruth, baiskeli ilikwenda Changamwe peke yake?"

"Muulize aliyekuuzia," akajibu mumewe, Menza, huku akijipepea kwa kofia. "Mimi nakanyaga mpaka magoti yanalia."

"Magoti yako yanalilia kitambi."

"Mama, ngoja kwanza," akasema Jacktone, fundi wa baiskeli za umeme hapo Mtopanga, akainama kwenye usukani kabla maneno hayajageuka matusi.

Vita hivi vilianzia kliniki. Daktari alipima presha ya Menza, akampima uzito, kisha akamgeukia Dhahabu badala ya mgonjwa. Mume huyu atoe jasho kila siku, la sivyo moyo utachoka kumbeba. Dhahabu hakulia. Alinunua baiskeli ya umeme, ile ambayo mota humsaidia mtu anapokanyaga, ili Menza aende nayo kazini Changamwe na kurudi. Na kwa kuwa alimjua mumewe, akafungisha na kijikompyuta kwenye usukani, kimwonyeshe mota imefanya kazi kiasi gani, na miguu kiasi gani.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Miguu ikifanya kazi, jioni kuna chakula cha watu. Isipofanya, kuna mchunga, yale majani machungu, wa kuchemsha, bila nazi, bila mafuta, bila huruma. Tangu baiskeli iingie nyumbani, Menza alikuwa hajaonja kingine.

Jacktone alizima, akawasha, akabonyeza, akakuna kidevu.

"Nimeliona tatizo. Hiki kidude kilishikana na mota tu. Sensa ya pedeli, ile inayohisi miguu, hakijawahi kuisikia."

Akaviunganisha, akaweka na kipimo cha gurudumu, kisha akamwomba Dhahabu azunguke nayo uani. Dhahabu akajifunga leso kiunoni, akapanda. Namba za miguu zikapanda naye. Alipoacha kukanyaga, zikaanguka.

"Si unaona!" Menza akadakia. "Mtu mzima nimelishwa majani kama mbuzi, na kosa si langu!"

"Nisamehe, Baba Ruth." Neno lilimtoka kama jino.

"Mzee, sasa hutaonewa tena," Jacktone akasema. "Akikanyaga mtu, kinasoma. Asipokanyaga, kinasema."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Menza akaacha kujipepea.

Tangu hapo mambo yakanyooka. Asubuhi Menza aliisukuma baiskeli hadi nje ya lango. Jioni aliirudisha hadi mlangoni, shati bado lina alama za pasi, na kioo kimejaa namba za kupendeza. Hata kwenye ule mwinuko wa Changamwe, miguu ilifanya kazi kuliko mota. Dhahabu alisoma, akatabasamu, akavuta mbuzi ya kukunia nazi. Leo kuku wa nazi, kesho samaki wa kupaka. Menza alikula huku akiwasifu waliovumbua sensa.

Aliyemtia Dhahabu wasiwasi ni Baya, mlinzi wa usiku wa ploti yao. Mwanamume wa watu alikuwa anapukutika. Kila jioni aliingia zamu amelowa jasho, anahema, sare inamning'inia kama imeanikwa kambani.

"Baya, umekunywa dawa ya minyoo?"

"Nimekunywa, mama."

"Basi kapimwe kifua."

"Kifua kizima, mama. Njaa tu. Siku hizi njaa inaniuma vibaya."

Dhahabu akawa anamwachia kikombe cha uji langoni. Menza alipouona ule uji, akasema mke wake ana roho nzuri sana, na aongeze sukari.

Siku ya kurudi kliniki ikafika. Menza alipitia nyumbani kutoka kazini, akaiegemeza baiskeli ukutani, wakaondoka. Presha ilikuwa pale pale. Uzito ulikuwa umeongezeka.

"Mama, huyu anaendesha baiskeli kweli?" daktari akauliza.

Dhahabu alikuwa amejiandaa. Akakitoa mkobani kijikompyuta alichokuwa amekichomoa kwenye usukani, akamwekea mezani. Daktari akazipitia zile namba polepole, akamtazama Menza kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Mwenye miguu hii," akasema, "hana haja ya kuja kwangu."

Njia nzima Dhahabu alizisoma tena zile namba. Menza ndiye aliyezungumza.

"Kimeharibika tena kile kidude. Vitu vya siku hizi, Mama Ruth! Nitampelekea Jacktone mwenyewe. Wewe usijisumbue."

Baya aliwafungulia lango. Mkono mmoja ulikuwa kwenye komeo, mwingine umeishika suruali isidondoke. Alikuwa ameikunja hadi magotini kwa joto, na vigimbi vyake vilikuwa vimejaa, vigumu kama michi ya kinu.

Dhahabu akasimama. Akavitazama vile vigimbi. Akakitazama kitambi cha mumewe. Akarudi kwenye vigimbi.

"Shikamoo, mama," Baya akasema kwa woga.

"Marahaba."

Alipofika ndani, Menza alikuwa ameshanawa mikono, ameketi, anameza mate. Dhahabu akapakua wali. Akapakua kuku, mapaja yote mawili, akamwagia tui zito juu yake. Akaibeba sahani, akaipita meza ya mumewe bila kupunguza mwendo, akatoka hadi langoni na kuiweka mbele ya mlinzi.

"Kula, Baya."

Baya akaitazama sahani. Akamtazama mama mwenyewe. Akashusha pumzi ndefu.

"Asante, mama. Basi mwambie mzee gurudumu la nyuma linataka upepo. Ule mwinuko wa Changamwe unaniua."