Bega la Nne

Tangu amri ya usalama wa taifa itangazwe, watu zaidi ya watano hawakuruhusiwa kuwa pamoja njiani. Kwa hiyo jeneza la Bi Mashavu lilitoka na wachukuzi wanne tu, na wanaume wa mtaa wakabaki milangoni, kila mmoja akingoja lifike kwake ampokee mwenzake bega, ili asikose thawabu.

Jeneza lilipofika mlangoni kwake, Makame aliona kwamba Mzee Hija, aliyebeba nyuma, ameishiwa nguvu. Akatoka kumpokea.

"Wewe! Rudi ndani," askari wa doria aliyesimama kando ya njia alifoka. "Mtakuwa sita."

"Sita wapi, afande? Wao wanne, mimi wa tano."

"Na aliyemo humo?"

Makame alidhani ni mzaha, akataka kucheka. Askari alinyoosha kidole, akahesabu vichwa vinne, kisha kidole kikatua juu ya shuka ya kijani iliyofunika jeneza. "Watano."

"Huyu si amekufa, afande?"

"Amri haikusema walio hai."

Makame akarudisha mguu kizingitini. Alimwonea haya mzee, akashindwa kumtazama.

"Basi natoka mimi kwanza, mwanangu," Mzee Hija alisema akihema. "Uingie upesi."

"Usiachie, mzee!"

Lakini mzee alikuwa ameshainama na kujitoa. Jeneza likaegemea upande mmoja, mabega matatu yakihangaika chini yake. Makame aliruka njiani, mikono mbele, huku kidole cha askari kikianza kuhesabu upya.